Njia Panda ya Kidahwe na Simu ya Upepo

Ukitoka Kigoma mjini ukapita Mwandiga, unafika Kidahwe. Hapo barabara zinaachana: moja inakwenda Kasulu, nyingine Uvinza. Leo tusimame kidogo kwenye njia panda hiyo, tuukumbuke mwaka 1996.

Oktoba ya mwaka ule vita vilifika Uvira, ng'ambo ya ziwa. Watu walivuka Tanganyika kwa maboti na mitumbwi, wakashukia Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilikuwa upande wa Kasulu. Lugufu, iliyofunguliwa 1997, upande wa Uvinza. Basi Kidahwe ikaona magari ya misaada yenye antena ndefu, imepindwa kutoka mbele hadi paani kama ndoana ya mvuvi.

Ile ilikuwa simu ya upepo, au redio koli kama wengine wanavyoiita. Ile ndogo ya mkononi husafiri moja kwa moja. Ikikutana na mlima, maneno yanaishia hapo. Ya kwenye gari, ya mawimbi mafupi, hurusha sauti juu, ikagonga tabaka la anga na kurudi chini mamia ya kilomita mbali. Nayo ina tabia zake: masafa yanayofaa mchana, usiku huenda yasisikike kabisa.

Lakini nguvu yenyewe haikuwa kwenye antena. Utaratibu wa kazi hii ni kwamba kila gari lina jina lake la herufi na namba, na saa maalumu mtu wa kituoni huyaita moja moja. Lisiloitika, linatafutwa. Dereva aliyekwama kwenye tope anajua kuna sikio linalomsubiri.

Mei 2015 mtihani ulirudi, safari hii Kagunga, kijiji cha mpakani na Burundi. Mbele ziwa, nyuma milima, barabara hakuna. Maelfu kwa maelfu ya Warundi walijazana ufukweni, kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba, mzee wa mwaka 1915 aliyewahi kuzamishwa na kuibuliwa, ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma. Katika hali kama hiyo, mji lazima ujue kabla meli haijatia nanga: wagonjwa wangapi, watoto wangapi.

Juni 1998, huko Tampere, Ufini, mataifa yaliandika mkataba wa kurahisisha vyombo vya mawasiliano kuvuka mipaka wakati wa maafa. Ulianza kutumika Januari 2005. Vizuri sana. Ila huo unahusu chombo kinachokuja. Mimi nauliza kinachobaki. Lugufu ilifungwa 2009, Mtabila 2012, na magari yenye antena hayakuwa tena na sababu ya kukaa huko.

Utaniambia siku hizi kuna simu za mkononi. Kweli. Sasa mtandao ukikatika usiku wa dhoruba, mwenyekiti wa kijiji cha ufukweni amwite nani Kigoma, na kwa chombo gani?