Upitishaji wa Chombo Kirefu katika Hodhi Fupi
Huu ni ustadi wa mabaharia wa mifereji ya Uingereza, udhihirikao hasa katika njia ya maji ya Calder and Hebble, Yorkshire, aliyoisanifu mhandisi John Smeaton katika karne ya 18, ambayo hodhi zake nyingi, yaani vyumba vya maji vyenye milango vipandishavyo na kuteremsha vyombo, zina urefu wa kama futi 57 tu, ilhali upana wake ni futi 14, maradufu ya ule wa mashua nyembamba. Chombo cha futi 60 hulazwa mshazari: kwa kuwa milango ya chini hukutana kwa ncha ielekeayo ndani, pembeni husalia nafasi isiyokuwapo katikati, na humo ndimo omo, yaani sehemu ya mbele iliyochongoka, huingizwa. Dapra, yaani vikinga vya ubavuni, huondolewa kwanza; wakati wa kutoka, ubawa mmoja wa mlango hufunguliwa, kisha omo husukumwa upande huo. Hatari kubwa, ambayo nahodha yeyote haimjuzii kuidharau, ni wakati wa kushuka: tezi, yaani sehemu ya nyuma, ikikwama juu ya kizingiti cha mlango wa juu huku maji yakipungua, omo huinama na chombo huweza kuzama kwa dakika chache, basi aliye milangoni hana budi kuyazuia maji yasitoke, mara moja.