Fedha za Wapita Njia

Ukitoka Tabora kuelekea kusini, ukaipita Sikonge, unafika Ipole, mahali barabara inapogawanyika: moja inakwenda Koga na Mpanda, nyingine inakwenda Rungwa na kuendelea hadi Mbeya. Ni nchi ya miombo na nyuki, na ukanda huu wote unaijua biashara ya wapita njia tangu enzi za misafara. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alipoifunga njia kuu ya Ujiji, akipigana na Waarabu wa Unyanyembe, msafara wa mwandishi wa habari Henry Stanley ulilazimika kuzunguka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo. Katika kijiji cha Manyara kilichokuwa njiani huko, mtemi aliwakataza watu wake kuwauzia wageni nafaka. Zawadi ya kwanza ya nguo (hongo, yaani ushuru wa kupita) aliikataa, akasema haimtoshi. Zilipokuja nguo nzuri zaidi, milango ikafunguliwa na chakula kikatoka.

Biashara ya kufaidika na anayepita ilishika kasi kwenye intaneti tarehe 27 Oktoba 1994, tovuti ya HotWired ya Marekani ilipoanza kuonyesha mabango ya matangazo, likiwamo lile maarufu la AT&T. Mtangazaji alilipa ili aonekane, basi. Mwaka 1998 kampuni ya GoTo.com ikaanza kupiga mnada maneno ya utafutaji, kwamba atakayelipa zaidi kwa kila mbofyo ndiye atakayetangulia. Mwaka huohuo Larry Page na Sergey Brin walianzisha Google, iliyopanga kurasa kwa kuangalia ni kurasa zipi nyingine zimeweka viungo vya kuelekea huko. Oktoba 2000 ikaja AdWords ya kuuza matangazo, na Juni 2003 ikaja AdSense. Kuanzia hapo mwenye tovuti ndogo hakuhitaji kumjua mtangazaji yeyote. Alibandika msimbo mfupi kwenye ukurasa wake, matangazo yakajileta yenyewe.

Kiswahili kilikuta mlango umefungwa. Ndesanjo Macha alianzisha blogu ya Jikomboe mwaka 2004, Issa Michuzi akaanza yake mwaka 2005, na Jambo Forums, ambayo leo ni JamiiForums, ikafuata mwaka 2006. Wasomaji walikuwapo, hasa Watanzania wa ughaibuni waliokuwa na kiu ya habari za nyumbani. Hapa kwetu intaneti ilitegemea satelaiti na ilikuwa ghali, mpaka mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009. Lakini kwa miaka mingi lugha yetu haikuwamo kwenye orodha ya lugha za AdSense. Waliozitaka fedha hizo waliandika Kiingereza. Waliobaki na Kiswahili walitafuta matangazo kwa miguu, wakibisha hodi kwenye kampuni za simu na mabenki. Hao ndio ninaowahesabu kuwa waasisi wa kazi hii kwetu, maana waliwashawishi wafanyabiashara kwamba msomaji wa Kiswahili ni mteja kamili.

Hata aliyekubaliwa alikuwa na safari ndefu. Mapato yakifika dola 10, Google humtumia kwa posta barua yenye namba ya siri ya tarakimu sita, ili kuthibitisha anwani. Kijana wa wilayani asiye na sanduku lake la posta hutumia la shule au la parokia, na hukaa akiulizia kwa mwalimu mkuu kama kuna bahasha ya kutoka ng'ambo. Kisha husubiri mapato yafike dola 100 ndipo alipwe. Mwaka 2010 Google ilitangaza kuwa mwenye tovuti alikuwa akipata asilimia 68 ya kinacholipwa na mtangazaji. Fungu hilo halikuwa baya. Ugumu uko kwenye bei ya tangazo, kwa sababu bei hutoka mnadani, na mnada usio na washindani hauna bei. Kampuni za utalii hugombea maneno ya Kiingereza kuhusu Serengeti. Mrina asali wa Ipole hana wa kugombea naye, wala yeye mwenyewe hajaingia mnadani.

Ndiyo maana tovuti nyingi zilikimbilia wingi wa watu. Matokeo ya kidato cha nne yakikaribia kutoka, kurasa huandaliwa mapema zikiwa na kichwa cha habari hichohicho anachoandika mzazi kwenye simu. Akifungua, anakuta matangazo juu, matangazo katikati, na chini kabisa kiungo cha kwenda Baraza la Mitihani (NECTA), ambako matokeo hutolewa bure. Nafasi za kazi na majina ya waliochaguliwa kidato cha tano hufanyiwa hivyohivyo. Nasema wazi kwamba hii ni hongo isiyo na huduma. Mtemi wa Manyara alidai nguo, lakini msafara uliondoka na nafaka.

Google nayo huhamisha njia. Mabadiliko yaliyoitwa Panda, ya Februari 2011, yalizishusha kurasa zenye maudhui hafifu au ya kunakili. Penguin ya Aprili 2012 ikawafuata waliojipandisha kwa viungo vya hila. Hapa nyumbani, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), gharama zote zikifika takriban shilingi milioni 2.1. Baadhi waliacha kuandika. Baadaye ada zilipunguzwa, lakini kwa anayesubiri dola 100 kwa miezi kadhaa, hata nusu ya fedha hizo ni mzigo.

Mwaka 2024 Google ilianza, kwanza Marekani, kuweka jibu lililotungwa na akili mnemba juu kabisa ya matokeo ya utafutaji. Anayeuliza asali ya miombo hurinwa lini anaweza kupata jibu papo hapo bila kufungua ukurasa wowote. Aliyekaa na warina asali porini, akawauliza, akaandika, hapati mbofyo wala senti. Msomaji na tangazo vyote vimebaki Google.