Magazeti ya Kale ya Uskoti na Utafutaji wa Nasaba

Mtu atafutaye nasaba yake Uskoti huanza na daftari za serikali, nazo humfikisha mwaka 1855, kwani ndipo vizazi, ndoa na vifo vilipoanza kuandikishwa kwa sheria nchini humo. Nyuma ya hapo tegemeo lake kubwa ni daftari za parokia za Kanisa la Uskoti, ambazo zina mapengo mengi: maziko mara nyingi hayakuandikwa, na kanisa hilo lilipogawanyika mwaka 1843 wazazi wengi walibatizisha watoto wao kwingineko. Hapo ndipo yafaapo magazeti. Aberdeen Journal lilianza mwaka 1748, Glasgow Herald mwaka 1783 kwa jina la Glasgow Advertiser, na The Scotsman mwaka 1817.

Lakini yapasa tahadhari. Gazeti la zamani hizo lilitozwa kodi ya stempu, likawa ghali, na wanunuzi wake walikuwa watu wenye mali. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 1855, mwaka ule ule wa daftari za serikali. Maana yake ni kwamba miaka tunayoyahitaji zaidi magazeti ndiyo miaka yaliyowataja maskini kwa uchache, isipokuwa katika habari za mahakama na ajali. Hata mabibi wa watu wakubwa hawakutendewa haki: tangazo la kuzaliwa husema tu kwamba mke wa Bwana fulani amepata mtoto wa kiume, bila jina la mama wala la mtoto.

Kwa sisi tushughulikao na lugha, shida iliyo tamu zaidi ni maneno. Tarehe iliyofuatwa na 'ult.' ni ya mwezi uliopita, na 'inst.' ni ya mwezi huu. Asiyejua hukosea kwa mwezi mzima. 'Relict' ni mjane, 'roup' ni mnada. Na 'writer' wa Glasgow aghlabu alikuwa mwanasheria. Hivyo si ajabu mjukuu akajivunia babu mtunzi wa vitabu, kumbe mzee aliandika hati za kukodisha mashamba! Siku hizi kurasa nyingi husomwa kwa kompyuta, hasa tangu British Newspaper Archive ilipofunguliwa mwaka 2011, lakini kompyuta nayo ni msomaji mgeni. Herufi 's' ndefu ya karne ya 18 huidhania 'f', na majina ya 'Mac' yaliyopigwa chapa kwa 'M' na alama ndogo juu humponyoka. Afadhali kupekua ukurasa kwa ukurasa, ukiwa na mji na tarehe ya kukisia.

Yako matangazo ya namna nyingine, ambayo wapenzi wa nasaba huyapita upesi mno. Katika karne ya 18 magazeti ya Uskoti yalichapa matangazo ya watumwa waliotoroka, yakieleza umri wao, mavazi yao, na pengine namna yao ya kusema. Yaliandikwa ili mtu akamatwe; leo huenda ndiyo maelezo pekee ya sura yake yaliyosalia. Joseph Knight, aliyechukuliwa Afrika angali mtoto, akauzwa Jamaica, kisha akaletwa Uskoti na John Wedderburn, alisoma gazetini mwaka 1772 habari za hukumu ya London juu ya James Somerset, akaazimia kuondoka kwa bwana wake. Mwaka 1778 mahakama kuu ya Edinburgh iliamua kwamba sheria ya Uskoti haikubali utumwa.

Mashamba ya Jamaica hayakuguswa na hukumu hiyo. Magazeti yaliendelea kutangaza vifo vya Waskoti waliokufa huko, yakitaja baba zao na vijiji vyao, bila neno juu ya watoto waliozaliwa na mama watumwa. Hata hivyo, mtu wa Jamaica mwenye jina la Kiskoti apatapo tangazo kama hilo hupata tarehe, na mara nyingine jina la shamba. Na kwa jina la shamba aweza kuzifungua daftari za watumwa na kumtafuta mama.