Nyayo za Hasheem Thabeet, kutokea Itigi

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora, ilikuwa na kipande kimoja cha njia kilichowatia wapagazi hofu. Kiliitwa Mgunda Mkali, pori kavu lenye maji haba, lililoanzia pale Ugogo inapoishia na kuelekea Tabora. Richard Burton na John Speke walilikata mwaka 1857, Henry Stanley akafuata 1871. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914, nayo ikapita humohumo. Itigi ikawa mojawapo ya stesheni zake kati ya Manyoni na Tabora.

Njia ninayoifuata mimi ilianzia Dar es Salaam, mwanzo wa reli hiyo, kisha ikavuka bahari. Ni njia ya Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Hasheem hakuzaliwa Itigi wala popote mkoani Singida. Naianzia huku kwa makusudi, maana stori yake imezoeleka kusimuliwa kuanzia Marekani kurudi nyuma, na ikisimuliwa hivyo huishia kwenye lawama. Ukiitazama kutoka mji unaochimba jasi na kuuza asali, inasema jambo jingine. Vichaka vya Itigi, vile vilivyofungamana hata ng'ombe hapenyi kirahisi, huwa na kimo cha mita 3 hadi 5. Ringi ya kikapu hukaa mita 3.05 kutoka chini. Mtoto wa hapa amekua akitazama juu kiasi hichohicho, ila ringi yenyewe ni adimu.

Hasheem alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Baba yake alifariki yeye akiwa bado kijana, akabaki na mama na ndugu zake. Alisoma Shule ya Sekondari Makongo, shule ya jeshi ambayo chini ya mkuu wake, Kanali Idd Kipingu, ilijulikana nchi nzima kwa kulea wanamichezo. Hapo pangekuwa mahali pazuri pa kuanzia, kama si umri. Mpira wa kikapu aliushika akiwa na miaka 15 hivi. Kabla ya hapo alikuwa kama watoto wengine wa Dar, akicheza soka.

Sababu iko chini ya miguu. Soka ya chandimu huchezwa popote, kwa mpira wa matambara na magoli ya mawe mawili. Mpira wa kikapu hauwezi kudunda kwenye mchanga. Unataka sakafu ngumu, nguzo, ubao na mpira wenye upepo. Ndiyo maana mchezo huu nchini umekaa mijini na kwenye taasisi: shule, majeshi, vyuo, na viwanja vya Don Bosco jijini Dar es Salaam, ambako klabu kama Savio, Pazi na Vijana zimekuwa zikimenyana mbele ya mashabiki wanaojuana kwa majina. Hata kuwa na mwanasiasa mkubwa kama Jakaya Kikwete kama mlezi wa shirikisho la mchezo huo, kabla hajawa Rais, hakukuutoa kwenye viwanja vichache vya saruji. Basi kama mtoto wa Dar alisubiri hadi miaka 15, wa Itigi angesubiri hadi lini?

Kijana mrefu kama Hasheem hafichiki. Alivuka kwenda Marekani, akahangaika kwenye shule kadhaa, mwisho akamaliza sekondari Houston, Texas, katika shule ya Cypress Community Christian. Mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, kwa kocha Jim Calhoun. Alikuwa na mita 2.21 na uzoefu wa miaka minne tu wa mchezo wenyewe.

Miaka mitatu ya chuo ndiyo kilele cha njia hii. Kazi yake ilikuwa kulinda ringi, na aliifanya vizuri mno. Alizuia mitupo 417 kwa jumla, zaidi ya minne kwa mechi katika misimu miwili ya mwisho. Mwaka 2008 na 2009 alitajwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi ya vyuo ya Big East, na mwaka huo wa pili akagawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Dhidi ya Providence, Januari 2009, alimaliza na pointi 15, ribaundi 11 na mitupo 10 iliyozuiwa. Connecticut ikafika nusu fainali ya taifa jijini Detroit, ikatolewa na Michigan State kwa 82–73.

Lakini kuna jioni moja ambayo mtu anayefuata nyayo hizi hawezi kuiruka. Tarehe 16 Februari 2009, siku Hasheem alipotimiza miaka 22, Connecticut ilikuwa namba moja Marekani na Pittsburgh ilikuwa mgeni wake. Blair, mfupi kwake kwa karibu sentimita 20, alikuwa na nyonga nzito na miguu iliyokita sakafuni. Katika purukushani ya kugombea mpira mikono yao ilinasana, na Hasheem akazungushwa juu ya bega la Blair hadi akatua chini. Blair aliondoka na pointi 22 na ribaundi 23. Pittsburgh ikashinda 76–68. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na chini ya ringi kauli hiyo ni ya kweli kabisa: anayekunja magoti kwanza ndiye anayeshika nafasi. Kukunja magoti kwa namna hiyo mtu hujifunza akiwa na miaka tisa au kumi, kabla mwili haujawa mrefu kuliko akili ya miguu. Hasheem alikuwa amekwisha kurefuka alipoanza kufundishwa.

Tarehe 25 Juni mwaka huo jina lake lilisomwa la pili katika drafti ya NBA, zoezi la klabu kuchagua wachezaji wapya. Los Angeles Clippers walianza na Blake Griffin, Memphis Grizzlies wakamchukua Hasheem. Nyuma yake walikuwapo James Harden, aliyechaguliwa wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Blair alisubiri hadi nafasi ya 37. Tanzania ilishangilia, na ilikuwa na haki. Namba ile ya pili, hata hivyo, ikageuka mzigo ambao hakuna aliyemuuliza kama anaweza kuubeba.

Memphis tayari ilikuwa na senta, Marc Gasol, na kiangazi hichohicho ikamleta Zach Randolph. Hasheem akapata dakika chache, pointi 3.1 kwa mechi, na Februari 2010 akapelekwa kwa muda Dakota Wizards katika D-League, ligi ya daraja la chini. Kwa wakati ule hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko. Februari 2011 Memphis ikampeleka Houston katika mabadilishano yaliyomrudisha Shane Battier, na miezi miwili baadaye Battier huyo akaisaidia Memphis kuwatoa San Antonio Spurs. Machi 2012 akahamishiwa Portland. Klabu tatu ndani ya misimu mitatu. Kila mahali kocha mpya, mfumo mpya na benchi lilelile. Oklahoma City ndiko alikotulia kidogo, akacheza mechi 66 msimu wa 2012–13 nyuma ya kina Kevin Durant na Russell Westbrook. Msimu uliofuata ulikuwa wake wa mwisho NBA. Hesabu nzima: mechi 224, wastani wa pointi 2.2.

Wamarekani wakampachika jina la chaguo lililoharibika, na baadhi yetu tukalirudia kama kasuku. Watu huuliza: mbona Hakeem Olajuwon wa Nigeria naye aliushika mpira wa kikapu ujanani, akachaguliwa wa kwanza mwaka 1984 na kutwaa ubingwa mara mbili, 1994 na 1995? Swali ni la haki. Olajuwon alikuja na miguu ya soka na mikono ya handiboli. Alipofika Chuo Kikuu cha Houston alishinda viangazi akipigana vikumbo mazoezini na Moses Malone, senta bora wa zama zile. Kisha klabu moja ikamwamini na kumpa dakika tangu siku ya kwanza. Kuchelewa kuanza kunalipika, ila malipo yake ni muda na mwalimu. Hasheem aliupata muda huo Connecticut, na matokeo yakaonekana. Alipofika kwa wanaolipwa, ukakatwa.

Baada ya NBA hakutundika viatu. Alicheza ligi za chini Marekani, akaenda Yokohama nchini Japani, kisha Taiwan, na alipokaribia miaka 40 alivaa jezi ya Dar City, klabu ya nyumbani. Mtu aliyechukuliwa na mchezo kwa urefu tu asingeufuata mpaka huko. Angekwishauacha pesa zilipopungua.

Kwa hiyo, nikirudi kwenye kipimo cha Itigi, sioni sababu ya kuhesabu pointi alizokosa Memphis. Naona hesabu nyingine iliyo mikononi mwetu. Mtoto wa huku, akibahatika, hukutana na kikapu akiwa sekondari, kwenye maandalizi ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, umri uleule Hasheem alioanza nao. Miaka ishirini na zaidi imepita na saa ya kuanza haijasogea. Warefu watazaliwa tu, Dar, Singida au kwingineko, na maskauti watawaona bila darubini. Kazi ya kwetu ni sakafu ya saruji kwenye shule ya msingi, nguzo mbili na mwalimu wa michezo anayejua kufundisha miguu kabla ya mikono. Halmashauri inayomwaga zege la sakafu ya madarasa kila mwaka inaweza kumwaga na la kiwanja kimoja.