Damu na Tegu wa Nguruwe: Ni Nini Hasa Kinachopimwa?

Imekuwa ada ya baadhi ya waandishi wa siku hizi kudai kwamba kipimo cha damu, kwa kuwa ni chepesi na hakimtahayarishi mtu kama kuleta choo chake katika kikopo, chatosha kuwabainisha wenye tegu vijijini, wakapewa dawa papo hapo. Dai hili lachanganya maradhi mawili ya mdudu mmoja, Taenia solium: tegu mkubwa akaaye utumboni, apatikanaye kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva, na vifuko vya lava vitokanavyo na kumeza mayai yaliyomo katika choo cha mwenye tegu, ambavyo vikifika ubongoni huleta kifafa. Juu ya hayo hapana ikhtilafu.

Ikhtilafu iko katika maana ya jibu la maabara. Uchunguzi wa Mbozi, kusini magharibi ya Tanzania, uliotangazwa mwaka 2013, ndio shahidi wangu mkubwa: katika vijiji vile vile, kingamwili zilionekana katika damu ya watu kama 45 kwa kila mia, ilhali antijeni, yaani vitu avitoavyo lava aliye hai, zilionekana kwa watu kama 17 tu, na antijeni zilizotafutwa chooni, zimwonyeshazo tegu mwenyewe, kwa watu kama 5. Asemaye kwamba damu imethibitisha, basi, na atuambie imethibitisha lipi. Sababu ya tofauti hii haina muujiza: yai likimezwa, kijidudu hutoka na kupenya ukuta wa utumbo, na huweza kufa kabla hajatua popote, nao mwili umekwisha kumtambua na kuziunda kingamwili zake. Huko Peru, kiasi cha watu wanne katika kila kumi waliokuwa nazo hawakuonekana nazo walipopimwa tena baada ya mwaka mmoja.

Wapo watakaonikumbusha kipimo cha kingamwili za glikoprotini saba, cha Tsang na wenzake, cha mwaka 1989. Ni kipimo bora, na kwa mgonjwa mwenye vifuko vingi hakikosei illa kwa nadra. Lakini kwa mwenye kifuko kimoja hupungukiwa sana, wala hakikuundwa kumtafuta tegu wa utumboni. Protini za tegu mkubwa zilizogunduliwa baadaye zimeliziba pengo hilo nusu tu, kwani kingamwili zake husalia hata tegu akiisha kutolewa, na aliyekwisha kutibiwa akahesabiwa mgonjwa.

Wala si mzaha wa hesabu. Prazikwanteli, dawa ya tegu, hufika ubongoni, na ikiviua vifuko vilivyojificha huweza kuzusha uvimbe na degedege. Niklosamaidi, dawa nyingine ya tegu, haitoki utumboni. Kwa hiyo naona choo na kiendelee kupimwa, ijapokuwa antijeni zake aghalabu hazimbagui tegu wa nguruwe na wa ng'ombe, na jibu la kingamwili peke yake lisimfanye mtu yeyote kuwa mgonjwa wa ubongo mpaka ipatikane picha ya kichwa chake, ambayo mashine yake, kwa bahati mbaya, hukosekana katika hospitali nyingi za wilaya zenye nguruwe wengi.