Nyonyo na Wembe Mwambao wa Nyasa

Mjukuu wangu amefikisha miaka miwili, na kichwani ana nywele za namna tatu. Kisogoni zimejisokota ndogondogo, za mama yake kabisa. Utosini ni mapete makubwa, unaingiza kidole kikapita. Juu ya masikio zimelala, karibu zinakuwa singa. Rangi yake ni kahawia, lakini akikaa Liuli kwa dada yangu likizo nzima, jua na maji ya ziwa hugeuza ncha zote zikawa za dhahabu. Mama yake ni binti yangu, baba yake ni Mjerumani, fundi wa mitambo ya umeme wa maji. Mimi ni msusi hapa Mbinga mjini, na mkono huu nilifundishwa na bibi yangu, aliyekuwa akisuka watu barazani kwake Liuli kwa malipo ya usipa, dagaa wa ziwani, au kibaba cha unga wa muhogo.

Mtoto alipoletwa kwangu, kila mtu alikuwa na hukumu yake. Shangazi mmoja alitaka anyolewe upara ili ziote upya na ziote vizuri. Jirani akasema hizo ni nywele za kizungu, mafuta hazitaki, ziachwe hivyo hivyo. Mwingine, kwa upendo mtupu, alikuja na kopo la dawa ya kulainisha lenye picha ya mtoto anayecheka. Nikaona hapa wamesahau mengi. Vichwa vya mchanganyiko si wageni kwetu. Vimepita mapajani mwa wanawake wa mwambao huu kabla hata ya Mzungu wa kwanza kutia nanga.

Angalia watu wenyewe. Milimani wako Wamatengo na mashimo yao ya kilimo cha ngoro, chini ziwani wako Wanyasa, Wampoto na Wamanda, na upande wa Songea wako Wangoni, ambao wazee wao walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitokea kusini, wakichukua mateka na wake njiani kote. Pale Liuli kuna jiwe kubwa la Pomonda, na wazee husema humo watu walijificha Wangoni waliposhuka kuvamia. Waliojificha na waliovamia leo wana wajukuu walewale. Ng'ambo ya ziwa, Nkhotakota, kulikuwa na wafanyabiashara wa pwani waliovusha pembe na watumwa kwa majahazi ili wafikishwe Kilwa, na wao pia waliacha damu yao njiani. Bibi yangu mwenyewe mama yake alikuwa Mnyasa wa Liuli, baba yake wa ukoo uliokuja na Wangoni. Alikuwa akituambia kwamba katika ndugu zake wa tumbo moja hapakuwa na vichwa viwili vya kufanana, na kila kimoja mama yao alikijua kwa kukigusa gizani.

Kazi ya bibi ilianza na nyonyo. Miti yake ilikuwa nyuma ya choo na kando ya shamba la muhogo, hakuna aliyeipanda kwa mstari. Mbegu zilikaushwa zikakaangwa chunguni polepole, kisha zikatwangwa mpaka zikawa uji mweusi unaonata. Uji huo ulichemshwa kwa maji mengi, na mafuta yalipopanda juu aliyaengua kwa kijiko cha mti, akayarudisha jikoni peke yake ili maji yaliyobaki yakauke. Sisi watoto tulikatazwa kukaribia mbegu mbichi, kwa kuwa zina sumu, na alilisema hilo kwa sauti ambayo hakuitumia kwa jambo lingine lolote. Mafuta yakipoa yalikuwa mazito, yana harufu ya moshi. Hayakupakwa kwenye kichwa kikavu hata siku moja. Mtoto kwanza alitumwa ziwani, arudi nywele zikiwa zinadondosha maji, ndipo bibi alipochovya vidole.

Alikuwa na sababu, ingawa hakuieleza kwa maneno ninayoyatumia mimi sasa. Kichwa hutoa mafuta yake kwenye ngozi. Kwenye unywele ulionyooka mafuta hayo huteremka bila shida hadi nchani. Kwenye unywele uliojikunja hukwama kwenye kona ya kwanza, na ncha hubaki kavu. Kila kona ni mahali unywele unapoweza kukatika. Nywele zilizojisokota zikikauka hukamatana, zikilowa na kupakwa mafuta huteleza na kuachiana. Kwa hiyo bibi alifungua mafundo kwa vidole kwanza, kishungi kwa kishungi, akashika shina kwa mkono wa kushoto ili ngozi isivutwe, akaanza nchani akipanda juu. Chanuo la mti lenye meno mapana lilifuata baadaye. Mtoto mdogo hakusukwa kwa kubanwa. Aligawiwa mabutu manne au sita malegevu, na watoto wenye nywele laini mno aliwafungia kitambaa tu usiku. Akiona mwanamke amemkaza mwanawe misuko mpaka macho yamevutika, alimfumua palepale bila kuomba ruhusa.

Huo ndio upande wa nyonyo. Upande wa wembe ni mrefu zaidi, na hauna mtu mmoja wa kulaumiwa.

Kunyoa nako ni desturi yetu ya zamani. Kwa Waislamu nywele za kuzaliwa hunyolewa siku ya saba katika akika, na thamani ya uzito wake kwa fedha hutolewa sadaka. Nyumbani kwetu, Waanglikana, tulinyolewa baada ya msiba, ndugu wote pamoja, wakubwa kwa wadogo, na nywele zikaota kwa wote kwa mwendo mmoja. Sijawahi kuona ubaya katika hilo. Kichwa kilinyolewa kwa sababu inayojulikana, kikaachiwa kiote.

Misheni zilipokuja, wembe ukawa wa utaratibu. Waanglikana wa UMCA walijikita kisiwani Likoma mwaka 1885, na kuanzia 1901 meli yao Chauncy Maples ilikuwa ikizunguka vijiji vya mwambao. Wabenedikto wa Kijerumani walifungua Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata, wakafika Litembo, juu huku kwa Wamatengo, mwaka 1914. Walileta shule na hospitali, na mimi ni zao la hizo mbili. Bibi naye alikwenda shule ya misheni, na siku ya kwanza walinyolewa wasichana wote kwa ajili ya chawa. Alikuwa hana chawa. Miaka mingi baadaye bado alikuwa akilieleza hilo kwa uchungu, kwa sababu nywele zile mama yake alikuwa amezichana asubuhi ileile ili mtoto aende shule akiwa nadhifu.

Kuna jambo moja ambalo nilimweleza mkwe wangu waziwazi, akiwa amempakata mwanawe. Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa bado vinaendelea, mashujaa wa Wangoni walinyongwa Songea tarehe 27 Februari. Mwaka huohuo serikali ya Wajerumani katika Afrika Mashariki iliagiza ndoa za Mzungu na Mwafrika zisiandikishwe. Mtoto kama mjukuu wangu angezaliwa, kwa maana kuzaliwa walizaliwa, lakini sheria isingemtambua baba yake. Na mwaka 1908 mtaalamu wa Kijerumani, Eugen Fischer, alikwenda Rehoboth, Namibia, kuwapima machotara wa kule. Alikuwa na kibao chenye vishungi vya nywele vilivyopewa namba. Anakiweka karibu na kichwa cha mtu, anasoma namba, anaandika. Kitabu chake kilitoka 1913, na elimu hiyo haikuishia Afrika: mwaka 1937 watoto wapatao 400 wa bonde la Rhine, wengi wao baba zao wakiwa askari wa Kiafrika wa jeshi la Ufaransa, walifungwa uzazi kwa nguvu na serikali ya Hitler, na Fischer alikuwa miongoni mwa wataalamu waliowakagua.

Mkwe wangu alikuwa anajua habari za vita, hakuwa anajua habari za kibao. Alinyamaza sana. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa nchi yake, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba radhi mbele ya ukoo wa Nduna Songea Mbano, mmoja wa mashujaa wa vita hivyo, ukoo ambao mpaka leo unatafuta fuvu la babu yao. Mimi naona radhi ile ni ya kweli, na naona pia kwamba inabidi iendelee majumbani, kwenye mambo madogo yanayogusa kichwa cha mtoto. Ndiyo maana siku za Jumapili mkwe ndiye anayemchana. Anafanya vizuri. Ana subira kuliko binti yangu.

Uhuru ulipokuja, nywele hazikuachwa zipumzike. Mwaka 1968 Vijana wa TANU walipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana, utekelezaji ukaanza Dar es Salaam Januari 1969. Kwetu huku mawigi yalikuwa hayajafika, lakini walimu walilipokea kwa bidii. Ng'ambo, Malawi ya Kamuzu Banda, mambo yalikuwa makali zaidi: sheria ya mavazi ya 1973 iliwakataza wanawake suruali na sketi fupi, na wanaume hawakuruhusiwa kufuga nywele ndefu, hata watalii walikatwa mpakani. Mjomba wangu, aliyekuwa akiuza usipa mkavu Nkhata Bay, alifuga nywele akiwa Mbamba Bay na kuzikata kila alipotaka kuvuka. Ziwa moja, samaki walewale, ndugu walewale, na kichwa cha mtu kina sheria mbili. Hali hiyo ilidumu huko mpaka utawala wa Banda ulipofikia mwisho miaka ya tisini.

Sheria mbili nilizikuta pia ndani ya darasa moja. Nilikuwa msichana wakati wa uhaba baada ya Vita vya Kagera, sabuni ilikuwa ya ugawaji, nguo tulifulia majani ya mpapai. Mama alinikata nywele kwa sababu ya sabuni, na shule ilininyoa kwa sababu ya kanuni. Darasani alikuwepo msichana chotara, baba yake Mwarabu mwenye duka. Yeye aliachiwa. Mwalimu alisema nywele zake ni nzuri, ni dhambi kuzikata, na alisema hivyo mbele yetu sote tuliokuwa na upara. Msichana yule hakufurahi. Mapumziko alikaa peke yake, wengine walimvuta nywele kwa hasira, na siku moja alikuja na mkasi akaniomba nimkate. Nilikataa kwa kuogopa fimbo. Nimemfikiria mara nyingi tangu binti yangu ajifungue. Yeye alitengwa kwa sifa na sisi tulifedheheshwa kwa sifa hiyohiyo.

Tulipomaliza shule tulikuwa na njaa ya nywele. Enzi za Mzee Mwinyi maduka yalifunguka, ikaja kalikiti inayochuruzika begani, zikaja dawa za kunyoosha, chanuo la moto, kisha rasta za plastiki. Nilizitia mwenyewe kwenye vichwa vya wateja na kwa mtu mzima anayejua anachotaka bado natia. Kwa mtoto, sithubutu. Nyingi ya dawa zile nguvu yake ni magadi makali yanayovunja umbo la unywele kutoka ndani, na ngozi ya kichwa cha mtoto ni nyembamba. Kopo lile lenye picha ya mtoto anayecheka nilimrudishia mwenyewe kwa heshima.

Kwa mjukuu nimerudi kwa bibi, pamoja na marekebisho kidogo ya Mbinga. Huku juu Juni na Julai ni baridi kali na upepo ni mkavu, kwa hiyo simwogeshi kichwa kila siku kama angekuwa Liuli. Maji ya vuguvugu mara moja kwa wiki yanatosha, siku nyingine namnyunyizia kidogo. Nyonyo peke yake ni nzito mno kwa zile za juu ya masikio, zinalala zikanata, basi naichanganya na mafuta ya alizeti na hizo nazipangusia kiganja tu. Kisogoni, anapolalia, ndiko mafundo yanakojificha; huko napaka mafuta ya kutosha na kukaa muda mrefu, nikimpa ganda la muhindi achezee. Akirudi kutoka ziwani ana mchanga mpaka kwenye ngozi. Mchanga hautolewi kwa chanuo. Unamwagia maji akiwa ameinama, tena na tena, unauacha utoke wenyewe. Usiku anafungwa kitambaa laini, na asubuhi tunakikuta chini ya kitanda.

Miti ya nyonyo imepungua. Sokoni Mbinga mafuta yake yanakuja kwenye vichupa vidogo, bei juu, na mengine yamechanganywa. Nimepanda yangu nyuma ya nyumba, ndani ya uzio kwa ajili ya zile mbegu zenye sumu, na wasichana wawili ninaowafundisha kazi saluni wameshajifunza kukaanga na kuengua. Wanalalamika moshi. Wanajua sasa kuuliza kichwa kinataka nini kabla ya kushika uzi.

Miaka michache ijayo mjukuu wangu atakwenda shule, na shule zetu nyingi za serikali bado zinataka wasichana wawe na nywele fupi. Nimeshamwambia binti yangu kwamba siku ya kuandikishwa nitakwenda mimi. Kama mwalimu atasema watoto wote wanyolewe, nitajenga hoja yangu kwamba wote waachiwe, na nitajitolea kuwafundisha mama zao barazani jinsi ya kuzitunza. Nikishindwa, atanyolewa pamoja na wenzake na nitamnyoa mwenyewe. Lakini mwalimu akiniambia wa kwangu abaki nazo kwa kuwa zake ni nzuri, nitaukataa upendeleo huo palepale, mbele ya watoto wote.