Kujikana Kila Siku: Habari za Apolo Kivebulaya wa Mboga

Agizo la Bwana wetu, kwamba atakaye kumfuata na ajikane nafsi yake na kujitwika msalaba wake, limeandikwa katika Injili tatu. Mathayo na Marko wameliandika bila kutaja wakati; Luka peke yake, katika sura ya tisa, ameongeza maneno mawili: kila siku. Ni maneno mafupi, na msomaji aweza kuyapita kwa haraka, lakini kwetu sisi walimu yana uzito mkubwa. Kufa shahidi ni jambo la siku moja. Wale vijana waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, Kanisa lawakumbuka kwa heshima, na ndivyo ipasavyo. Bali msalaba autajao Luka huchukuliwa asubuhi, na kesho yake huchukuliwa tena, wala hapana watu wasimamao kutazama.

Kwanza na tuliangalie neno lenyewe. Mswahili husema kwamba mtu amekana deni, au amekana kosa, yaani amesema, Si langu, silijui. Basi kujikana ni kuiambia nafsi yako neno lile lile: Sikujui, huna amri juu yangu. Ni ajabu kwamba kitenzi hicho hicho ndicho tukitumiacho kwa habari ya Petro uani kwa Kuhani Mkuu. Petro alimkana Bwana wake kwa kuwa saa ile hakuweza kujikana mwenyewe. Mtu hana budi kumkana mmoja wa wawili hao.

Kujinyima ni neno jingine, wala si sawa na hilo. Bahili naye hujinyima. Hula muhogo mkavu apate kuongeza fedha katika sanduku lake. Amejinyima, lakini hakujikana, maana nafsi yake ingali ikimtawala. Tena liko neno sadaka, ambalo kwa wengi wetu limepunguka likawa jina la senti itiwayo mfukoni kanisani siku ya Jumapili. Na kafara, kwa desturi ya pwani, ni kitu kitolewacho na kutupwa mbali ili balaa iondoke pamoja nacho. Atoaye kafara hutaka kuokoa nafsi yake, ajikanaye huitoa.

Maana hii yaonekana vema katika maisha ya Apolo Kivebulaya, mtu wa Buganda, aliyebatizwa mwaka 1895 na mwaka ule ule akapelekwa Toro kuwa mwalimu. Hata mwishoni mwa mwaka 1896 alitumwa mbele zaidi, akavuka mto Semliki, akafika Mboga kwa Wahema, ukingoni mwa msitu mkubwa wa Kongo. Walimu waliomtangulia walikuwa wamerudi. Hawakutishwa kwa mikuki, bali walishindwa na njaa, kwa sababu Tabaro, mtawala wa nchi ile, hakuwapendelea, na watu hawakuwapa chakula.

Apolo alichukua jembe akalima. Msomaji wa leo aweza kuuliza, Je, hilo nalo ni jambo la kuandikwa? Lakini na akumbuke kwamba katika Buganda ya siku zile kulima shamba la chakula ilikuwa kazi ya wanawake. Mwanamume aliyejua kusoma, mgeni kutoka nchi ya Kabaka, aliyetazamiwa kuletewa chakula na wenyeji, akainama shambani mchana mbele ya macho ya watu: huyo amejikana. Hakupoteza damu, alipoteza heshima, na heshima kwa watu wengi ni ghali kuliko damu. Tena kazi ile haikwisha kwa siku moja. Magugu huota kila siku.

Mateso makubwa nayo hayakukosa. Tabaro aliamuru apigwe. Kisha mwanamke wa ukoo wa mtawala alipoangukia mkuki wa Apolo akafa, Apolo alishitakiwa, akafungwa, akapelekwa Toro. Alipofunguliwa hakuomba apewe mahali pengine; alirudi Mboga. Ndipo Tabaro mwenyewe alipogeuka, akataka kufundishwa, akabatizwa.

Baada ya hayo Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Mke wake alikuwa amekwisha kufariki, naye hakuoa tena, ili awe huru kwenda popote. Alifanya kazi Toro miaka mingi. Mipaka ya nchi ilipopimwa upya, Mboga ikawa upande wa Kongo ya Wabelgiji, na Wakristo wa huko wakatengwa na wenzao. Yeye akarudi kwao, katika miaka ya vita kuu ya kwanza, akakaa hata mwisho wa maisha yake. Alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, lakini hakutosheka na kijiji chake. Aliingia msituni kwa Wambuti, akajifunza lugha yao, na Injili ya Marko ikafasiriwa katika lugha hiyo. Mwaka 1922 alipewa cheo cha kanoni, wala hakukifanya kuwa sababu ya kuondoka.

Alifariki tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, kwenye msitu, kinyume cha desturi ya watu wake, kwa kuwa huko ndiko kazi ilikobaki. Katika mbegu ile dayosisi ya Boga ilianzishwa mwaka 1972, na mwaka 1992 Kanisa la Anglikana katika nchi ile likawa jimbo lenye askofu mkuu wake.

Tunaandika habari hizi kwa kuwa zinatuhukumu. Tulipokuwa vijana tulipelekwa katika kijiji ambacho hapakuwa na nyumba ya mwalimu, na wazee walikawia kutuletea unga. Tulilima pia, lakini kwa manung'uniko, na kila mgeni aliyepita tulimsimulia taabu zetu. Watu walisikia. Tulidhani tumejitoa kwa kazi, kumbe tulikuwa tukiandika deni ili kijiji kitulipe kwa sifa. Jembe letu lilikuwa sawa na la Apolo. Moyo haukuwa sawa.

Tena lipo onyo jingine, nalo tunawaambia hasa wenzetu walio na madaraka. Katika neno kujinyima, silabi ile ndogo -ji- ndiyo yenye maana yote. Ukiiondoa, labaki kunyima. Mkubwa ahubiriye subira kwa mwalimu msaidizi huku akichelewesha mshahara wake, hakujinyima kitu, amemnyima mwenzake. Vivyo hivyo mume ambaye sifa ya ukarimu wake yajulikana kanisani, na watoto wake wanalala bila kushiba, ametoa sadaka ya wengine bila kuwauliza. Apolo hakumwagiza mtu mwingine alime kwa niaba yake. Msalaba wa Luka ni wa mtu mwenyewe, wala hana ruhusa kumtwika jirani.

Basi, ndugu walimu na makasisi, huenda hakuna hata mmoja wetu atakayeitwa kufia imani. Lakini kesho asubuhi kutakuwa na mtoto mzito wa kujifunza, na mgonjwa akaaye mbali, na neno la kiburi litakalotaka kutoka kinywani. Wahenga walisema, Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha Apolo kilijazwa kwa muda wa miaka thelathini na minane, siku kwa siku, nasi hatujui kipimo kingine.